Saini na Ridhaa: Somo la Biashara ya Viungo

Mwezi uliopita, baada ya darasa kwisha na watu kuanza kutawanyika, ndugu yetu mmoja mwenye duka alibaki nyuma akatuuliza suala. Alisema kuwa yeye humkopesha mkulima wa minazi unga na sukari wakati wa kiangazi, na mkulima hutia kidole katika karatasi kuwa nazi zake zote atamletea yeye peke yake, kwa bei iliyoandikwa humo, mpaka deni liishe. Deni lenyewe haliishi, kwani kila mwaka kabla ya nazi kuangushwa unga huwa umekwisha nyumbani, na mkopo mpya ukapandishwa juu ya wa zamani. Akasema: "Sikumpiga wala sikumtisha. Ametia kidole mwenyewe, na mashahidi wapo. Je, faida yangu ina kasoro?"

Nasi tulimjibu kwa haraka. Tulisema kuwa mtu hufungwa na sharti alilolikubali, na madhali hapana riba ya dhahiri, hapana neno. Tukafunga kitabu tukenda zetu. Lakini jawabu lile halikutupa raha. Lau tungetulia tungekumbuka tuliyosomeshwa juu ya mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa, na hilo peke yake lingetosha kutuzuia. Hata hivyo leo hatutaki kuishia katika mlango wa mkopo. Twataka kulitazama lile neno alilolitegemea ndugu yetu, yaani kuwa "ametia kidole mwenyewe". Je, saini ya mtu hutosha kuihalalisha faida inayopatikana kwake?

Tangu siku ile tumekuwa tukisoma habari za biashara ya viungo baina ya Ulaya na Asia, na humo tumeliona suala hili likiwa limeulizwa kwa namna kubwa zaidi, tena likajibiwa kwa damu. Kwa hivyo twamwomba msomaji atuvumilie, aende nasi mbali kidogo, kisha turudi pamoja dukani.

Tuanze na majina. Sisi watu wa pwani husema pilipili manga na kungumanga, na Manga kwa wazee wetu ni bara Arabu, hasa upande wa Omani. Lakini pilipili hiyo haikuota Manga. Asili yake ni pwani ya Malabar, kusini magharibi ya Bara Hindi. Kungumanga ilitoka mbali zaidi. Kwa karne nyingi kungumanga ya kuuzwa duniani haikupatikana ila katika Visiwa vya Banda, visiwa vidogo vilivyo mashariki ya Indonesia ya leo. Tunda lake moja hutoa vitu viwili: kokwa ya ndani ndiyo kungumanga, na ngozi nyekundu iizungukayo ndiyo basibasi. Karafuu nayo ilikuwa ya visiwa vichache vya Maluku, Ternate na Tidore na jirani zao, na mdalasini bora ulitoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka.

Basi wazee wetu waliviita vitu hivyo kwa jina la aliyewaletea, si kwa jina la aliyevipanda. Hilo si kosa lao. Ndivyo biashara ilivyo. Kila bidhaa ipitapo mkono mmoja, uso wa mpandaji hufifia, na ifikapo jikoni mwetu hapana tena mtu nyuma yake, ila harufu nzuri na bei. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalirudia.

Kwa muda mrefu viungo hivyo vilipokezanwa kutoka mkono hata mkono. Wajava na Wamalei walivichukua kutoka visiwani mpaka Malacca. Wagujarati na watu wa Malabar na Waarabu wakavivusha bahari kwa pepo za misimu mpaka Hormuz, Aden na Jidda. Kisha vikapandishwa Misri, na katika Iskandaria wakavinunua wafanya biashara wa Venice, wakavieneza Ulaya. Kila mkono ulichukua faida yake, na kila bandari ilitoza ushuru wake. Wala tusijidanganye kuwa zama hizo hapakuwa na dhulma kwa kuwa wengi wa wenye biashara walikuwa Waislamu. Sultani Barsbay wa Misri, aliyetawala toka mwaka 1422 mpaka 1438, aliifanya biashara ya pilipili kuwa yake peke yake, akawalazimisha watu wanunue kwake kwa bei aliyoitaka. Hiyo ndiyo ihtikari iliyokatazwa katika dini yetu, naye aliifanya hali ya kuwa mtawala wa Makka na Madina. Dhulma haibadiliki jina kwa kubadilika kilemba cha mwenye kuitenda.

Lakini katika njia hiyo ya zamani palikuwa na jambo lililomkinga mpandaji aliye mbali: wanunuzi walikuwa wengi. Mtu wa Banda asipopendezwa na bei ya Mjava, aliweza kumngoja Mmalei. Hapakuwa na mmoja mwenye nguvu za kuwafukuza wenziwe wote.

Mwaka 1498 Vasco da Gama, baada ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, alifika Mombasa mwezi wa Aprili, asielewane na wenyeji, akaenda Malindi ambako alipokewa vizuri na kupewa rubani wa kumvusha. Mwezi wa Mei akafika Calicut. Zawadi alizotaka kumpelekea mfalme wa huko, nguo na kofia na sukari na asali, zilichekwa, maana katika soko lile hazikuwa na thamani. Wareno wakatambua kuwa hawana bidhaa za kuwashinda wafanya biashara wa Asia. Walichokuwa nacho ni mizinga. Aliporudi mara ya pili, mwaka 1502, da Gama alilikamata jahazi lililokuwa likirejesha mahujaji kutoka Makka, akalichoma moto pamoja na mamia ya watu waliokuwamo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliingia Kilwa kwa nguvu, kisha akaipora Mombasa na kuitia moto. Goa ikatwaliwa mwaka 1510, Malacca 1511, Hormuz 1515. Tangu hapo chombo cha biashara kilichopita bahari hiyo bila ya cheti cha Wareno kiliweza kutekwa.

Hapa pana jambo ambalo linatuhusu sisi watu wa darasa. Sheikh Zainuddin wa Malabar, ambaye kitabu chake Fat-hul-Muin kimesomeshwa miaka mingi katika fiqhi ya madhehebu yetu ya Kishafii, ndiye pia aliyeandika Tuhfatul Mujahidin, habari ya mapambano ya watu wa Malabar na Wareno katika karne ya 16. Wengi wetu tumeusoma mlango wa biashara katika kitabu chake kile cha kwanza pasi na kukumbuka kuwa mwandishi aliishi katika pwani ya pilipili, katika zama ambazo bandari za kwao zilikuwa zikipigwa mizinga. Masharti ya kuuza na kununua hayakuandikwa na watu wasioijua dunia.

Hata hivyo, kumhukumu Mreno si kazi ngumu. Mwenye kunyang'anya kwa mzinga anajulikana na kila mtu, hata mtoto. Suala gumu ni la yule aliyekuja baada yake na karatasi mkononi.

Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni moja kubwa ya biashara ya Mashariki, ijulikanayo kwa herufi zake VOC. Serikali yao iliipa haki ya kufanya biashara peke yake, kati ya Waholanzi wote, kuanzia Rasi ya Tumaini Jema kwenda mashariki, tena ikairuhusu kujenga ngome, kuweka askari na kufunga mikataba na wafalme. Rasilmali yake ilikuwa kiasi cha guilder milioni 6.4, na hisa ziliuzwa kwa mtu yeyote. Katika Amsterdam peke yake walioingia walikuwa zaidi ya 1,100. Miongoni mwao alikuwamo mtumishi wa kike, Neeltgen Cornelis, wa nyumba ya Dirck van Os, mmoja wa wakurugenzi; yeye alitia guilder 100 za akiba yake.

Mwaka 1609 mwanasheria mkubwa wa Kiholanzi, Hugo Grotius, alitoa kitabu chake Mare Liberum, kueleza kuwa bahari ni ya watu wote na kwamba hapana taifa liwezalo kulizuia jingine lisifanye biashara. Alikiandika kuitetea Kampuni juu ya Wareno. Ni maneno ya haki. Lakini Waingereza nao walipotaka kununua viungo katika visiwa ambavyo Waholanzi wamekwisha funga mikataba, Grotius huyo huyo, katika mashauriano ya London ya mwaka 1613, alitoa hoja kuwa wenye visiwa wameahidi kuwauzia Waholanzi peke yao, na ahadi haina budi kutimizwa. Bahari ikawa huru, na wenye visiwa wakafungwa kwa kalamu. Hoja hii ndiyo ya ndugu yetu mwenye duka, nayo ndiyo tuliyompa sisi kwa ulimi wetu.

Basi na tuitazame mikataba yenyewe. Watu wa Banda walikuwa Waislamu, wapatao 15,000 kwa makisio ya wanahistoria. Hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliendeshwa na wakubwa wa vijiji walioitwa orang kaya, yaani matajiri. Ardhi yao ilizaa kungumanga, lakini haikuwatosha kwa chakula. Mchele na sago waliletewa na majahazi ya visiwa vingine, na nguo kadhalika. Mwaka 1602 Waholanzi walifunga mkataba na baadhi ya wakubwa hao kuwa kungumanga na basibasi watawauzia wao tu. Wengine hawakutia saini. Na Waholanzi walioutaka mzigo wote wa visiwa hawakuleta chakula cha kutosha, na katika nguo walizoleta zilikuwamo nguo nzito za sufi, katika nchi ya joto kama hii yetu. Basi mtu wa Banda angeushika mkataba kwa ukamilifu, yule Mjava mwenye mchele asingekuwa na sababu ya kuja, na watoto wangelala na njaa. Hapana ajabu kuwa waliendelea kumwuzia Mjava na Mmalei, na baadaye Mwingereza. Waholanzi wakasema: wamevunja ahadi.

Mwaka 1609 jemadari Pieter Verhoeven alikuja na manowari akaanza kujenga ngome katika kisiwa cha Neira. Wabanda walimwita kwa mazungumzo, kisha wakamvizia, wakamwua pamoja na wengi wa wenziwe. Hatukifichi kitendo hicho, kwani ni hiana, na hiana haitakasiki kwa kuwa mwenye kuifanya amedhulumiwa. Baada ya vita na kuzuiliwa bandari, mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Wabanda wakafungishwa mkataba mpya, ngome ikiwa imekwisha simama. Katika msafara wa Verhoeven alikuwamo kijana aitwaye Jan Pieterszoon Coen.

Mwaka 1621 Coen alirudi akiwa Gavana Mkuu, na majeshi yake, pamoja na askari wa kukodiwa wa Kijapani. Mwezi wa Machi akakishika kisiwa kikubwa cha Lonthor. Wakubwa walisalimu amri, wakatoa silaha, wakatia saini tena. Maofisa wa Kampuni wakakaa katika kijiji cha Selamon, na msikiti wakaufanya nyumba ya kulala. Usiku mmoja taa ya msikiti ikaanguka. Waholanzi wakashtuka wakidhani wamevamiwa, na shaka yao ikawa vita tena. Vijiji vikachomwa, watu wakakimbilia milimani wakafa kwa njaa na maradhi. Tarehe 8 Mei 1621 wakubwa 44 walikatwa kwa panga za Wajapani karibu na ngome. Mamia wakapelekwa utumwani Batavia, mji ambao sasa ni Jakarta. Wengine waliponea baharini mpaka Visiwa vya Kei, na huko kijiji cha Banda Eli bado kipo, na watu wake husema lugha ya Banda mpaka leo. Katika watu wale 15,000, wanahistoria wasema kuwa waliobaki visiwani ni kiasi cha elfu moja. Ardhi ikakatwa mashamba 68, wakapewa Waholanzi, na watumwa wakaletwa kutoka nje kuyafanyia kazi. Kampuni ikanunua kungumanga yote kwa bei iliyoipanga wenyewe, ikaiuza Ulaya kwa bei iliyoipanga wenyewe.

Wakurugenzi wa Kampuni walipopata habari walimwandikia Coen kuwa wangependa mambo yangekwenda kwa upole zaidi. Na juu ya hayo wakampa zawadi ya fedha. Lawama ilikuwa ya wino tu.

Sasa turudi katika suala letu. Watetezi wa Kampuni walikuwa na hoja tatu, na kila moja yafaa kupimwa kwa uadilifu.

Hoja ya kwanza ni kuwa Wabanda walitia saini. Twajibu kuwa Mwenyezi Mungu hakuiegemeza biashara juu ya saini. Ameiegemeza juu ya kuridhiana. Saini ni alama ya ridhaa, kama moshi ulivyo alama ya moto, na mwenye kuonyesha moshi hajathibitisha kuwa chakula kimepikwa. Ridhaa haipatikani mpaka mambo matatu yawepo. Kwanza, mtu awe aweza kukataa na kesho yake akaishi. Aambiwaye "tia saini au ule njaa" amechagua, lakini hakuridhia. Na tofauti ya kuchagua na kuridhia ndiyo tofauti ya mtu anayekimbia nyumba iwakayo na mtu anayetoka kwenda kutembea. Wote wawili wamepita mlango huo huo kwa miguu yao. Pili, aelewe alichokitia saini, na aone mwisho wake. Tatu, mwenye kutia saini awe ndiye atakayebeba mzigo, au awe na idhini ya hao watakaoubeba. Katika Banda baadhi ya wakubwa walitia saini, na mkataba ukadaiwa kwa watu wote.

Sharti hili la tatu lilivunjwa kwa namna mbaya zaidi katika karafuu. Mwaka 1652 Sultani Mandarsyah wa Ternate alifunga mkataba na Kampuni kuwa mikarafuu katika nchi zake ikatwe, ili karafuu ibaki Ambon na visiwa vya karibu yake tu, ambako Kampuni iliweza kuilinda. Sultani akapewa fedha kila mwaka. Mwenye mikarafuu akapewa shoka. Saini ilikuwa halisi, mhuri ulikuwa halisi, na ridhaa ya mwenye mti haikuwapo.

Hoja ya pili ni kuwa Kampuni ilikuwa na gharama: merikebu, mabaharia waliokufa njiani, vita na Wareno. Ni kweli, na mwenye kubeba hatari anastahiki faida. Lakini faida ya hatari ni malipo ya kupita bahari, wala haimpi mtu haki ya kuwafungia wengine bahari. Kampuni haikutosheka na kuuza ghali. Ilikata miti, ilizipaka kungumanga chokaa ili zisiote pengine, na viungo vilivyozidi vilichomwa moto ili bei isishuke. Mtu anayechoma chakula ili njaa ya wenziwe imletee bei, hata akiwa amekinunua kwa fedha yake, amekwisha toka katika biashara akaingia katika ihtikari.

Hoja ya tatu ni kuwa zama zile ndivyo watu walivyodhani, na haifai kuwahukumu kwa mizani yetu. Lakini mizani ilikuwapo. Laurens Reael, aliyekuwa Gavana Mkuu kabla ya Coen, na Steven van der Hagen, amiri wa manowari zao, waliwaandikia wakurugenzi kupinga siasa ya kuwanyima watu wa visiwa riziki. Hawakuwa Waislamu wala watu wa karne yetu. Walikuwa watumishi wa Kampuni hiyo hiyo, katika miaka hiyo hiyo. Na Waholanzi wenyewe walikuwa katika vita virefu vya kujikomboa na mfalme wa Hispania. Walijua maana ya uhuru. Hawakutaka kuijua kwa mtu mwingine. Dhulma mara nyingi haitoki katika ujinga. Hutoka katika elimu ambayo mtu ameiwekea mpaka penye faida yake.

Tumewasema majemadari na wakurugenzi. Sasa twende kwa yule mtumishi na guilder 100 zake. Mwaka 1602 hakujua, wala hakuweza kujua, yatakayotendeka Banda. Lakini gawio la kwanza la Kampuni, mwaka 1610, lililipwa kwa basibasi. Basi mzigo wa Banda ulifika Amsterdam mikononi mwa wenye hisa, mwaka mmoja tu baada ya ngome ile kusimama. Je, mwenye hisa ndogo ana dhambi? Twaona kuwa hukumu yake si moja. Asiyejua na hana njia ya kujua, ana udhuru. Asiyejua kwa kuwa hakuuliza, hali ya kuwa jawabu lilikuwa karibu, udhuru wake ni mwembamba. Na aliyejua akasema "hisa yangu ni ndogo, haiwezi kuua mtu", huyo ajue kuwa guilder milioni 6.4 hazikutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Zilitoka katika mikono mingi, na katika hiyo ilikuwamo mikono midogo.

Hapa pengine msomaji amekaa vizuri kitini, akifurahi kuwa waliosemwa ni Wazungu. Tunamwomba asifurahi mapema. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuipata kwa siri miche ya mikarafuu na mikungumanga, ikapandwa Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja. Ihtikari ya Waholanzi ikavunjika, na Kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kufa kwa madeni. Haki zake zilikoma mwisho wa mwaka 1799. Lau habari ingeishia hapo, tungesema haki imeshinda. Lakini Unguja na Pemba, katika utawala wa Sayyid Said bin Sultan na waliomfuata, karafuu hiyo ilipaliliwa na kuchumwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Sheria ikaacha kuutambua utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Wenye mashamba walikuwa wakiswali, wakifunga na kutoa sadaka, na wengi wao twawarehemu mpaka leo. Waliponunua mtu walimlipa muuzaji kwa ukamilifu, na hati ilikuwa sahihi. Aliyenunuliwa hakuulizwa.

Hatusemi haya kwa kuwatukana wazee wetu. Twasema kwa sababu ni rahisi kuiona dhulma ikivaa kofia ya Kizungu, na ni vigumu kuiona ikivaa kanzu. Katika mji wa Hoorn, Uholanzi, alikozaliwa Coen, ipo sanamu yake iliyosimamishwa mwaka 1893, na watu wa huko wamebishana kwa miaka mingi kama yafaa kubaki. Hilo ni lao. Sisi hatuna sanamu, lakini tunazo sifa tunazozisoma juu ya matajiri wa zamani pasi na kuuliza nani alichuma.

Basi tulikwenda dukani kwa ndugu yetu. Tulimwambia kuwa jawabu letu la kwanza lilikuwa kosa, na kwamba twalirudisha mbele yake kama tulivyolitoa mbele yake. Tukamwomba aipime karatasi yake kwa mambo yale matatu. Mkulima yule, akikataa, atapata unga wapi mwezi wa kiangazi? Alipotia kidole, alisomewa na akaelewa kuwa deni lile kwa hesabu ile halina mwisho? Na mwanawe, atakayerithi minazi pamoja na deni, alikuwapo siku ya kutia kidole? Tukasema: deni lako ni haki yako, lidai, lakini litenge na nazi. Mwache mtu auze nazi zake kwa amtakaye, kwa bei ya soko, kisha akulipe kwa fedha kidogo kidogo. Ikiwa bei yako ni nzuri, atakuja kwako bila ya karatasi.

Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Sheikh, nikimwachilia, wa pili yangu mwenye duka atamfunga yeye, nami nitakuwa nimepoteza bure." Ni neno zito, wala hatukulipuuza. Ndilo walilosema Waholanzi juu ya Wareno, na Waingereza juu ya Waholanzi. Kila mmoja alishika shingo ya mpandaji kwa kuogopa kuwa asipoishika yeye ataishika mwingine, na kwa hofu hiyo shingo haikupata kupumua miaka mia mbili. Tulimjibu kuwa hataulizwa juu ya mkono wa jirani yake. Ataulizwa juu ya wake. Lakini tukaongeza kuwa hofu yake ni haki yake juu yetu sisi, jamaa wa mji. Wenye maduka wakikubaliana kwa pamoja kuacha karatasi hizo, hapana atakayepoteza. Na wenye uwezo wakiweka akiba ndogo ya kuwakopesha wakulima bila ya sharti wakati wa kiangazi, karatasi zitakufa zenyewe. Hili si jambo la duka moja.

Hatujui ameamua nini, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lililo juu yetu ni kulirudisha neno letu hadharani, kwa sababu huenda wako wengine waliolisikia siku ile, wakaenda nalo. Na mwenye kusoma maneno haya, atiapo kungumanga katika chai yake, akumbuke kuwa palikuwa na watu nyuma ya harufu ile. Kisha aangalie kilicho dukani mwake au shambani mwake, amtafute mtu aliye nyuma yake angali hai wa kuulizwa kama ameridhia.

Wa billahi taufiq.